Taa za LED zinazimika, zinafifia, rezista zimebabuka: pima volti kabla hujashika pasi ya kuchomelea

Swali: Nimetengeneza taa tatu za LED za nyumbani. Kila bodi ina LED nyeupe 24 za milimita 5. Nimezipanga tatu tatu kwa mfululizo, jumla safu nane, na kila safu ina rezista yake ya omu 150 ya robo wati. Betri ni ya volti 12, ampea-saa 7, na paneli ya wati 20 nimeiunga moja kwa moja kwenye betri kwa klipu. Taa ya sebuleni ina safu mbili zinazozimika. Nikibonyeza kwa kidole zinawaka. Ya jikoni huwaka hata mchana kwa sababu jiko lina giza, na sasa rezista zake zimekuwa kahawia, LED kadhaa zimefifia na nyingine zimekufa kabisa. Ya banda la kuku iko mita 18 kutoka kwenye betri, nimetumia waya wa simu, na haijawahi kuwaka vizuri tangu siku ya kwanza. Nimechomelea upya viungo vyote mara mbili, hali ni ileile, na shaba ya bodi imeanza kubanduka. Tatizo ni nini?

Jibu: Ndugu msomaji, una matatizo matatu tofauti, na ni moja tu kati yake linalotokana na solda (madini laini ya kuungia) ya kwenye bodi. Taa ya sebuleni ina kiungo ambacho hakijashika. Ya jikoni imepitishiwa umeme mwingi kuliko inavyoweza kubeba. Ya bandani inapoteza volti njiani kabla umeme haujaifikia. Ndiyo maana kuchomelea upya hakukusaidia: uliitibu taa ya jikoni na ya bandani kwa dawa ya taa ya sebuleni, na joto la pasi likaanza kuibandua shaba. Kwa hiyo kwa sasa weka pasi pembeni, chukua malitimita, kile kipimo cha volti, mkondo na ukinzani. Hata ile ya bei ya chini kabisa inatosha kwa kazi hii.

Rezista yenyewe ni kipimo

Kwenye mpangilio wako, kila rezista, ile inayozuia mkondo usizidi, inakuambia mkondo unaopita kwenye safu yake bila wewe kukata waya wowote. Weka malitimita kwenye volti za DC, kiwango cha 20. Washa taa. Gusa ncha moja upande huu wa rezista na ncha ya pili upande ule, kisha gawa volti ulizosoma kwa 150. Volti 3 maana yake miliampea 20, ambayo ndiyo kazi ya kawaida ya LED nyeupe ya milimita 5. Volti 1.5 ni miliampea 10: itawaka, lakini hafifu. Volti 4.5 ni miliampea 30, na hapo umefika kwenye kikomo cha LED nyingi za aina hii.

Ukisoma sifuri, safu imekatika mahali fulani. Ukisoma volti 6 hivi wakati betri iko kwenye 12.5, safu hiyo ina LED moja iliyopiga shoti kwa ndani: yenyewe imezima, na zile mbili zilizobaki zinawaka kwa ukali usio wa kawaida kwa sababu zinapitisha karibu miliampea 40. Zitakufa nazo usipoiondoa mbovu.

Pima rezista zote nane za kila taa na uandike kwenye karatasi, pamoja na volti za betri wakati huohuo. Kazi hiyo ni ya dakika kumi, na itakuonyesha bodi gani inastahili kuguswa na ipi haistahili.

Jikoni: kilichoua LED ni volti

Rezista kubabuka ni ushahidi mzito, tuusome vizuri. Robo wati kwenye omu 150 inafikiwa mkondo unapokuwa miliampea 40 hivi. Kwenye miliampea 20 rezista hiyo inatoa joto la wati 0.06 tu, yaani inakuwa vuguvugu. Haiwezi kubadilika rangi. Kwa hiyo rezista iliyogeuka kahawia inasema wazi kwamba kuna wakati ilipitisha mkondo mara mbili ya uliokusudia, au zaidi. Solda mbaya haiwezi kufanya hivyo. Kiungo kibovu hupunguza mkondo, hakiongezi.

Mkondo huo umetoka wapi? Angalia paneli yako. Paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa volti 21 au 22 ikiwa haijaungwa na kitu, na 17 au 18 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote. Betri ndiyo inayoishika volti isipande. Betri ikiwa na njaa, volti hubaki 12 na kitu au 13. Ikishajaa na jua bado kali, hakuna wa kuizuia tena: bila kidhibiti chaji, volti hupita 15, na LED zako zikiwa zimewashwa zinapitisha zaidi ya miliampea 35. Betri chakavu hufika huko mapema zaidi, hata kabla ya saa sita mchana.

Balaa zaidi ni ile klipu. Ikilegea au ikishika kutu, betri inatoka kwenye mzunguko na paneli inabaki imeungwa moja kwa moja na taa. Mchana, taa ya jikoni ikiwa peke yake, volti zinapanda hadi karibu 20. LED tatu kwa mkondo mkubwa hivyo zinachukua kama 10.5, rezista inabaki na 9.5, na mkondo unakuwa miliampea 60 na ushei. Rezista inatoa zaidi ya nusu wati, mara mbili ya uwezo wake. Hicho ndicho kinachobabua rezista, na kinachofanya LED iwe na weupe wa buluu kwa muda mfupi, kisha ififie moja kwa moja. Huna haja ya kuisubiri siku nzima itokee. Dakika chache kila mara upepo unapotikisa waya zinatosha kuimaliza LED pole pole.

LED iliyofifia hivyo hairudi. Usiichomelee upya, itoe. Na kwenye safu ambayo rezista imebabuka, badilisha LED zote tatu hata kama mbili bado zinawaka, kwa sababu zimepita kwenye mateso yaleyale. Ukichanganya mpya na zilizochoka utaona tofauti ya mwanga, na baada ya wiki chache utarudi kwenye kazi ileile.

Sasa dawa. Kwanza nunua kidhibiti chaji, kile mafundi wa sola wanachokiita kontrola. Cha ampea 5 au 10 kinatosha kabisa kwa paneli ya wati 20. Unga betri kwanza kwenye kontrola, kisha paneli, mwisho taa kwenye sehemu yenye alama ya balbu. Siku ya kufungua, fuata mpangilio huo kinyumenyume. Ukianza na paneli kabla ya betri, kontrola nyingi hushindwa kutambua ni mfumo wa volti ngapi, na baadhi huungua. Klipu zitupe: tumia vishikio vya kubana vinavyoingia kwenye ncha za betri, na uvivute kwa mkono kuhakikisha havitoki.

Pili, rezista. Hata ukiwa na kontrola, betri inapojazwa volti hufika 14.4. Ukiweka omu 150 hapo unapata miliampea 30, na hiyo ni nyingi kwa taa inayowaka mchana. Kwa mfumo wa betri, hesabu hufanywa kwa volti za juu kabisa: 14.4 toa 9.6 za LED tatu, inabaki 4.8. Gawa kwa 0.02, unapata omu 240. Rezista ya omu 220 ndiyo inayopatikana kirahisi madukani, nayo inafaa: miliampea 22 betri ikiwa inachajiwa, na kama 14 usiku betri ikiwa kwenye 12.3. Rangi zake ni nyekundu, nyekundu, kahawia. Usihofu kwamba taa itapoteza mwanga. Jicho la binadamu halitambui kwa urahisi tofauti ya 14 na 20, lakini LED inaitambua, kwa maana ya miaka itakayoishi. Badilisha kwenye taa zote tatu, siyo ya jikoni tu.

Kuna wanaoshauri kuweka LED nne kwa mfululizo ili kuondoa rezista. Usifuate ushauri huo kwenye betri. LED nne zinahitaji karibu volti 12.8, kwa hiyo usiku taa itakuwa hafifu na mchana betri ikichajiwa hakutakuwa na kitu cha kuzuia mkondo usipande.

Sebuleni: inawaka ukiibonyeza

Hapa ndipo solda inapohusika, ila kidole ni kipimo kibaya kwa sababu kinabonyeza bodi nzima. Chukua kijiti cha kiberiti. Washa taa, geuza bodi, na ubonyeze taratibu kiungo kimoja kimoja kwa ncha ya kijiti. Kisha rudi upande wa mbele usukume kichwa cha kila LED kidogo, kushoto na kulia. Kama safu inawaka ukigusa kiungo fulani tu, umekipata. Kama inawaka ukisukuma kichwa cha LED lakini viungo vyake viwili ukivibonyeza hakuna kinachobadilika, kosa liko ndani ya LED: ule uzi mwembamba unaounganisha mguu na kijiwe cha mwanga umekatika. Hutokea mguu unapokunjwa karibu sana na plastiki, au joto likizidi wakati wa kuchomelea. LED ya namna hiyo haina tiba.

Safu ikiwa imezima kabisa na huoni inapokatika, pima volti kwenye kila LED ya safu hiyo taa ikiwa imewashwa. Zile nzima zitasoma karibu na sifuri. Iliyokatika itasoma volti 7 hadi 8. Wengi hutarajia kuona 12 kamili, wakiona 7 wanadhani LED ni nzima. Zile mbili nyingine huwa zinashika volti 2 na kitu kila moja hata kwa mkondo mdogo sana wa malitimita. Kama LED zote tatu zinasoma karibu na sifuri na rezista nayo sifuri, mkatiko uko kwenye kiungo au njia ya shaba kati yake. Weka ncha nyeusi kwenye hasi ya betri na uitembeze nyekundu kiungo kwa kiungo kuanzia upande wa chanya, mguu kwanza, kisha shaba yake. Mahali ambapo mguu na shaba yake vinasoma volti tofauti, hapo ndipo pamekatika.

Sasa kiangalie kiungo chenyewe kwa karibu, ukikigeuzageuza chini ya mwanga wa jua. Kiungo kizuri kina umbo la kichuguu: kipana chini kwenye shaba, kinapanda kwa mteremko hadi kwenye mguu, na pembezoni kimetandaa bila ukingo. Kibaya kina umbo la tone lililokaa juu ya shaba bila kuilowesha, au kina mstari mwembamba mweusi unaozunguka mguu. Mstari huo ni ufa. Mguu unacheza ndani ya solda, ukiubonyeza unagusa, ukiuachia unaachana. Solda ya bati na risasi ikiganda vizuri hung'aa. Ikiwa na chembechembe na rangi ya kijivu, mguu ulitikisika wakati inaganda. Lakini angalia karatasi ya solda yako: ile isiyo na risasi huwa haing'ai sana hata ikishika vizuri, kwa hiyo amini umbo, usiamini mng'ao.

Kwa kazi hii tumia solda ya 60/40, yaani asilimia 60 bati na 40 risasi, yenye unene wa milimita 0.8 au 1, na yenye flaksi ndani yake, yaani dawa inayosafisha shaba ili solda ishike. Inayeyuka kuanzia nyuzi 183 za Selsiasi na kuwa majimaji kabisa karibu na 190. Isiyo na risasi huhitaji 217 na kuendelea, na LED za plastiki haziupendi muda wa ziada unaotumika kuifikia. Pasi ya wati 30 au 40 inatosha. Ile ya wati 60 hadi 100 ya kuchomelea vyombo ndiyo inayobandua shaba.

Safisha ncha ya pasi kwa sponji yenye maji kidogo, yeyushia solda kidogo juu yake ing'ae, ifute tena. Gusa mguu na shaba kwa pamoja, sekunde moja au mbili. Halafu leta solda kwenye kiungo, upande ulio mkabala na pasi. Usiiyeyushie kwenye pasi ukaibeba kama matone, maana flaksi itakuwa imeshaungua kabla ya kufika, na bila flaksi solda haishiki. Ikishatandaa, ondoa solda, kisha ondoa pasi, na usitikise chochote kwa sekunde tatu. Kiungo kizima kisizidi sekunde nne. Watengenezaji wa LED kwa kawaida hutoa kikomo cha nyuzi 260 kwa sekunde 3 hadi 5, na wanataka kiungo kiwe angalau milimita 3 kutoka kwenye plastiki. Ukiona kazi itachelewa, bana mguu kwa koleo ndogo kati ya kiungo na plastiki ili joto liishie kwenye koleo.

Kwa kiungo chenye ufa usiongeze solda mpya juu ya ya zamani tu. Ile ya zamani ina uchafu na haina flaksi tena. Inyonye kwa pampu ya kunyonyea solda au kwa waya wa nyuzi nyingi uliopakwa flaksi, sugua mguu kwa msasa laini hadi ung'ae, ndipo uchomelee upya.

Swali moja hukuandika ila ni muhimu: ulitumia flaksi gani? Kama ni ile asidi ya mafundi bati au mafuta ya kuungia mabomba, hapo una tatizo litakalojitokeza baadaye. Asidi hiyo inashikisha solda vizuri siku ya kwanza, kisha inaendelea kula shaba. Baada ya majuma machache utaona ukungu wa kijani kuzunguka viungo, na safu zitaanza kuzimika moja moja. Ukiuona, osha bodi kwa maji ya moto na mswaki, kisha kwa spiriti, ikauke kabisa juani. Flaksi ya kielektroniki ni ya rozini, ile ya rangi ya asali inayonuka utomvu wa msonobari.

Shaba iliyobanduka

Gundi haisaidii, joto la pasi litaiyeyusha. Ikate shaba iliyoning'inia kwa wembe ili isije ikagusa jirani. Kisha ukunje mguu wa LED ulale juu ya bodi hadi ufike kwenye njia ya shaba iliyo nzima, kwangua rangi ya kijani inayoifunika kwa urefu wa milimita 3 au 4, ipake solda, na uchomelee mguu hapo. Mguu usipofika, tumia kipande cha mguu uliokata kutoka kwenye rezista. Ni waya mzuri na tayari una bati juu yake. Kama bodi yako ni ile ya matundu yenye viduara vya shaba visivyoungana, unga mguu kwa mguu moja kwa moja na kiduara ukisahau. Kiungo cha mguu kwa mguu ni imara kuliko cha kiduara kilichodhoofika.

Bandani: usiulaumu waya peke yake

Watu wengi wangekuambia mita 18 ni mbali, nunua waya mnene. Tupige hesabu kwanza. Waya wa simu wenye kipenyo cha milimita 0.5 una ukinzani wa kama omu 0.088 kwa mita. Kwenda na kurudi ni mita 36, jumla omu 3.2. Taa yako ikivuta miliampea 130, waya unakula volti 0.4 tu. Hasara hiyo inaonekana kidogo, lakini haitoshi kuifanya taa iwe hafifu tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo pima. Taa ikiwa imewashwa, soma volti kwenye betri, kisha nenda bandani usome pale waya unapoingia kwenye taa. Tuseme betri ina 12.3 na taa inapata 10.6. Zimepotea 1.7. Taa hafifu kiasi hicho inavuta kama miliampea 85, kwa hiyo waya umekula 0.3 hivi. Volti 1.4 zilizobaki zimekaa kwenye viungo. Vitafute: weka ncha mbili za malitimita kila upande wa kiungo kimoja, waya kwa waya, pamoja na swichi. Kiungo kizuri kitasoma milivolti chache. Kinachosoma zaidi ya volti 0.1 ni kibovu. Kiungo cha kusokota kwa vidole na kufunga tepu ndicho mtuhumiwa wa kwanza, hasa bandani, kwa sababu hewa ya amonia inayotoka kwenye kinyesi cha kuku hushambulia shaba. Fungua tepu, utakuta nyuzi zimekuwa nyeusi au kijani.

Kabla ya kuchomelea viungo hivyo, kwangua waya kwa wembe uone rangi ya ndani. Waya mwingi wa bei nafuu ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Ukikwangua na chini yake pakatokea weupe wa fedha unaobaki mweupe kadiri unavyokwangua, hiyo ni aluminiamu. Ina ukinzani mkubwa kuliko shaba, nyuzi zake hukatika ukizikunja mara mbili tatu, na solda ya kawaida haiishiki mara ngozi ya shaba inapotoka. Kwa waya huo usihangaike na pasi. Ubadilishe, au utumie viungo vya skrubu na uvikaze tena baada ya wiki moja.

Kama ni shaba, safisha nyuzi hadi ziwe nyekundu, pitisha kwanza mpira unaosinyaa kwa joto kwenye waya mmoja (wengi hukumbuka wakishamaliza kuchomelea), sokota sentimita 2, chomelea hadi solda iingie katikati ya nyuzi, kisha sogeza mpira na uupashe. Bandani ziba ncha za mpira kwa silikoni, lakini isiwe ile inayonuka siki. Asidi yake hula shaba wakati inakauka. Ipo isiyonuka hivyo, iulizie dukani.

Ukitaka kubadilisha waya wote, waya pacha wa shaba wa milimita 0.75 za mraba utapunguza hasara ya mita zote 36 hadi chini ya volti 0.15. Hakuna sababu ya kununua wa 2.5 kwa taa ndogo kama hii.

Kabla ya kufunga vifuniko

Hukutaja fyuzi. Betri ya ampea-saa 7 inaonekana ndogo, lakini ikipigwa shoti inatoa mkondo wa kuyeyusha waya wa simu na kuwasha plastiki yake, na waya huo unapita kwenye banda lenye maranda. Weka fyuzi ya ampea 2 kwenye waya wa chanya, sentimita chache kutoka kwenye betri. Taa zako zote tatu kwa rezista mpya zinavuta kama ampea 0.35 usiku, kwa hiyo haitakusumbua. Kwa mkondo huo, saa kumi za mwanga zinatumia nusu ya betri, na hapo ndipo usishuke zaidi kama unataka idumu.

Solda ina risasi: fungua dirisha, usifanyie kazi hii kwenye meza ya chakula, nawa mikono kwa sabuni ukimaliza.

Ukishabadilisha rezista, washa taa zote kwa saa mbili huku vifuniko viko wazi, kisha pima tena volti kwenye kila rezista. Safari hii gawa kwa 220. Betri ikiwa kwenye 12.3, safu za sebuleni na jikoni zisome karibu na volti 3, zikitofautiana kidogo tu. Za bandani zitakuwa chini kwa sehemu ndogo ya volti. Safu inayosoma pungufu sana kuliko wenzake ina kiungo kinachovuja volti, kitafute kwa kijiti. Inayosoma 6 ina LED yenye shoti. Itoe na uweke mpya ndipo ufunge.